Sasisho la Linux likikatika njiani: namna ya kuiokoa kompyuta yenye RAM ndogo

Kusasisha mfumo wa Linux ni kazi ya hatua, na mfumo wenyewe huweka kumbukumbu ya kila hatua iliyofikiwa. Ndiyo maana sasisho lililokatika kwa umeme kuzimika au RAM kujaa kwa kawaida halimlazimishi mtu kufuta kompyuta na kuweka mfumo upya. Linachohitaji ni kujua kazi ilifika wapi, kuondoa kilichoikwamisha, kisha kuiendeleza kutoka hapo. Madhara makubwa mara nyingi huletwa na haraka inayofuata: kuzima mashine ambayo bado inafanya kazi, kufuta mafaili bila kujua kazi yake, au kukimbilia kuweka mfumo mpya juu ya nyaraka za watu.

Jambo hili lina uzito wake katika maeneo kama Nyakatuntu, kata ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera imekuwa ikipata umeme kutoka Uganda, kwa laini ya kilovolti 132 inayotoka Masaka na kuingia kituo cha kupoza umeme cha Kyaka. Hitilafu ikitokea mahali popote kwenye njia ndefu kama hiyo, umeme hukatika bila taarifa. Kompyuta za steshenari, shule na ofisi za vyama vya msingi vya kahawa nazo mara nyingi ni zile zilizokwishatumika kwingine, zikiwa na RAM ya GB 1 au 2, na intaneti yake ni bando la simu. Linux inazifaa mashine za aina hii kwa kuwa ni ya bure na ina matoleo mepesi. Huko Karatu, mkoani Arusha, shirika la Powering Potential limewahi kufunga shuleni kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia Linux na umeme wa jua. Lakini wepesi wa mfumo hauondoi hatari ya sasisho kukatika. Mwenye mashine anapaswa kujua la kufanya.

Hatua za sasisho

Debian, Ubuntu, Lubuntu, Linux Mint na Raspberry Pi OS ni ukoo mmoja, na zote hutegemea zana mbili. Ya kwanza ni dpkg, iliyoanza mwaka 1994, ambayo huweka na kuondoa programu. Ya pili ni APT, iliyoingia rasmi katika Debian 2.1 mwaka 1999, ambayo hutafuta programu kwenye mtandao, huzipakua na kuzikabidhi kwa dpkg. Kila programu husafirishwa ikiwa kifurushi, yaani faili moja lenye programu yenyewe na maelekezo ya kuiweka.

Kwanza APT husoma orodha ya vifurushi vipya. Pili huvipakua na kuvihifadhi kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Kile ambacho hakijakamilika hukaa ndani yake, katika folda ndogo inayoitwa partial. Tatu dpkg hufungua kila kifurushi: huandika faili jipya likiwa na mkia wa .dpkg-new, huhakikisha limefika kwenye diski, ndipo hulipa jina lake halisi badala ya la zamani. Nne husanidi, yaani huendesha skripti fupi zinazoiandaa programu kufanya kazi. Mwisho huja kazi za jumla, kama kutengeneza upya initramfs, faili dogo ambalo kompyuta hulipakia mwanzo kabisa inapowaka.

Maendeleo yote haya huandikwa katika faili la /var/lib/dpkg/status. Faili hilo ni kama daftari la chama cha msingi siku ya kupokea kahawa: karani akiitwa nje katikati ya kazi, anayeshika nafasi yake haanzi kupima magunia yote upya, husoma mstari wa mwisho na kuendelea. Amri ya dpkg -l huonyesha daftari hilo kwa ufupi. Kifurushi kilichokamilika huwa na herufi ii. Chenye iU kimefunguliwa lakini hakijasanidiwa, chenye iF kilikwama katikati ya kusanidiwa, na chenye iH hakikumaliza hata kufunguliwa.

Sababu za kukatika

Hatari ya kukatika hutofautiana kwa hatua. Bando likiisha wakati wa kupakua, hakuna kilichoharibika, kwa sababu programu za zamani hazijaguswa. Amri ikirudiwa, APT huendelea pale ilipoishia ikiwa seva inaruhusu. Umeme ukikatika wakati wa kufungua au kusanidi, mfumo hubaki nusu mpya na nusu wa zamani.

RAM ndogo huleta tatizo lisiloonekana kwa urahisi. APT hupakia orodha ya maelfu ya vifurushi kwenye RAM. Kubana initramfs mpya huhitaji nafasi zaidi, na kujenga upya madereva ya vifaa, kwa kompyuta zinazohitaji hilo, huita zana nzito za kutafsiri msimbo. Kivinjari kikiwa wazi wakati huo huo, nafasi huisha. Hapo kerneli, yaani kiini cha mfumo, huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipone. Inayouawa inaweza kuwa kivinjari, inaweza pia kuwa APT au skripti iliyokuwa ikisanidi kifurushi. Katika Ubuntu ya kawaida kuanzia toleo la 22.04, huduma ya systemd-oomd nayo hulinda RAM kwa mtindo huo, na inaweza kufunga dirisha la teminali pamoja na kila kinachoendeshwa ndani yake.

Sababu nyingine ni diski kujaa, hasa sehemu ya /boot inapokuwa ndogo na kerneli za zamani zimerundikana, au mtu kufunga teminali kabla kazi haijaisha.

Kutazama kabla ya kugusa

Kompyuta yenye RAM ndogo inaweza kukaa dakika nyingi bila herufi mpya kwenye skrini huku inafanya kazi. Taa ya diski inayowakawaka ni dalili kwamba kazi inaendelea. Wakati mwingine dpkg imesimama ikisubiri jibu: iwapo mtu aliwahi kubadilisha faili la usanidi, huuliza kama liachwe lilivyo au liwekwe jipya. Kubonyeza Enter hubakiza la zamani, na hilo kwa kawaida ndilo jibu salama.

Ujumbe unaotisha wengi ni ule wa kufuli:

Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend

Maana yake ni kwamba programu nyingine inatumia dpkg kwa sasa, mara nyingi sasisho la kimyakimya linaloanza lenyewe baada ya kompyuta kuwaka. Matoleo mapya ya APT hutaja namba na jina la programu hiyo. Amri hii pia humwonyesha mtu kama ipo:

ps aux | grep -E 'apt|dpkg|unattended'

Ikiwa ipo, dawa ni kusubiri. Ushauri wa kufuta faili la kufuli umeenea sana, lakini hauna faida. Programu ikifa, kerneli huliachia kufuli lenyewe. Na ikiwa bado hai, kufuta faili huruhusu programu mbili kuandika daftari moja kwa wakati mmoja, jambo linaloweza kuliharibu kweli.

Programu ikiwa haipo, hatua inayofuata ni kujua kilichoiua. Amri ya df -h huonyesha nafasi ya diski na free -h huonyesha RAM. Amri hii huonyesha kama kerneli iliua programu kwa kukosa nafasi tangu kompyuta ilipowaka:

sudo journalctl -k | grep -i 'out of memory'

Ikiwa kompyuta imewashwa upya tangu ajali, huongezwa -b -1 baada ya -k ili kusoma kumbukumbu za mwasho uliopita, iwapo zilihifadhiwa. Neno Killed au namba 137 katika ujumbe wa kosa la dpkg nayo mara nyingi ni ishara ya RAM kuisha.

Kuongeza nafasi ya kazi kwanza

Ikiwa RAM ndiyo iliyosababisha, kurudia sasisho bila kubadilisha kitu ni kurudia ajali ile ile. Kivinjari na programu nyingine hufungwa kwanza. Njia bora zaidi ni kuacha kabisa mazingira ya madirisha. Kazi zote huhifadhiwa, vitufe vya Ctrl, Alt na F3 hubonyezwa kwa pamoja, mtumiaji huingia kwa jina na neno lake la siri, kisha hutoa amri hii:

sudo systemctl isolate multi-user.target

Madirisha hufungwa na RAM iliyokuwa ikitumika kuyaonyesha hurudi. Kazi ikiisha, amri hiyo hiyo ikiwa na graphical.target huyarudisha.

Pili, huongezwa swapu, yaani sehemu ya diski inayopokea vitu ambavyo RAM imeshindwa kuvibeba. Amri ya swapon --show huonyesha iliyopo. Kwa kompyuta ya GB 1 au 2 yenye diski ya mfumo wa mafaili wa ext4, na ambayo bado haina faili la /swapfile, faili la swapu la GB 2 hutengenezwa hivi:

sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Amri ya pili huzuia watumiaji wengine kusoma faili hilo, ambalo linaweza kubeba maneno ya siri yaliyotoka kwenye RAM. Mstari wa /swapfile none swap sw 0 0 ukiongezwa katika /etc/fstab, swapu huwaka yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Swapu ni ya polepole, hasa kwenye diski ya kuzunguka, lakini sasisho la saa moja linalofika mwisho ni bora kuliko la dakika kumi linalouawa njiani. Jambo zuri ni kwamba amri hizi hazihitaji kuweka programu mpya, hivyo zinafanya kazi hata dpkg ikiwa imekwama.

Kuiendeleza kazi

Mtu akijaribu kuweka programu baada ya sasisho kukatika, mara nyingi hukutana na maneno haya:

dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004 na kuonyesha kuwa programu huria zinaweza kumhudumia mtu kwa lugha yake. Hata hivyo, kwenye kompyuta nyingi ujumbe huu bado huja kwa Kiingereza, na wengi huuona kama habari ya kifo cha mashine. Kinyume chake, ujumbe unataja tiba: kazi ilikatizwa, endesha amri hii kuirekebisha.

sudo dpkg --configure -a

Amri hiyo husoma daftari na kusanidi vifurushi vyote vilivyofunguliwa bila kukamilishwa. Haihitaji intaneti. Ikimaliza, hufuata hii, inayotafuta vifurushi tegemezi vilivyokosekana. Hii inaweza kupakua, hivyo bando liwepo:

sudo apt-get --fix-broken install

Kisha sasisho lenyewe huendelezwa kwa sudo apt-get update na sudo apt-get upgrade.

Mara chache kifurushi kimoja hugoma na dpkg hukiita kilicho katika hali mbaya sana inayohitaji kuwekwa upya. Hicho huwekwa tena peke yake kwa sudo apt-get install --reinstall na jina lake. Kama kosa linasema No space left on device, nafasi hutafutwa kwanza. Amri ya uname -r huonyesha kerneli inayotumika sasa. Nyingine ya zamani sana, siyo hiyo, inaweza kuondolewa ili /boot ipumue. Amri ya sudo apt-get clean hufuta vifurushi vyote vilivyopakuliwa, hivyo mwenye bando dogo huiacha iwe ya mwisho, kwa maana kile kilichofutwa kabla ya kuwekwa kitalipiwa tena.

Ikitokea faili la status limeharibika, Debian na ndugu zake hubakiza nakala ya awali iitwayo status-old katika folda hiyo hiyo, na nyingine za siku zilizopita katika /var/backups. Faili lililoharibika hunakiliwa pembeni kwanza, ndipo nakala nzima huwekwa mahali pake.

Ukaguzi wa mwisho ni wa amri mbili. sudo dpkg --audit ikikaa kimya, hakuna kifurushi kilichobaki nusu. sudo dpkg --verify hulinganisha mafaili ya diski na yale yaliyotarajiwa. Mistari yenye herufi c kwa kawaida ni mafaili ya usanidi yaliyobadilishwa na mtu, na hayo hayatishi.

Kompyuta isipowaka

Umeme ukikatika wakati kerneli mpya inawekwa, kompyuta inaweza kusimama na maneno haya:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs

Mara nyingi maana yake ni kwamba kerneli mpya ipo lakini initramfs yake haikukamilika. Kerneli ya zamani kwa kawaida haijafutwa. Kompyuta ikianza kuwaka, kitufe cha Shift hushikiliwa au Esc hubonyezwa, kutegemea mashine, hadi itokee orodha ya GRUB, yaani menyu ya kuchagua kerneli ya kuwashia. Chini ya Advanced options huchaguliwa kerneli ya toleo la nyuma. Mfumo ukiwaka, kazi humaliziwa hivi:

sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Ubuntu na Mint zina pia mstari wa recovery mode unaofungua menyu ya matengenezo, na humo kuna dpkg kama chaguo la kurekebisha vifurushi. Yote hayo yakishindikana, kompyuta huwashwa kwa flashi yenye Linux ya kujaribia, nyaraka za mwenye mashine hunakiliwa nje, kisha fundi huingia kwenye mfumo wa diski kwa chroot, amri inayomwezesha kuutumia kana kwamba ndio uliowaka, na kuendesha amri zile zile kutoka huko. Kuweka mfumo upya ni hatua ya mwisho, na haifanywi kabla nyaraka hazijatoka.

Fedora na ukoo wake hutumia RPM na DNF badala ya dpkg na APT, lakini mantiki ni ile ile: sudo dnf history huonyesha kazi isiyokamilika, na sudo dnf distro-sync huvirudisha vifurushi kwenye matoleo yanayolingana. Endless OS imekwenda mbali zaidi: huandika mfumo mpya pembeni ya wa zamani na kuhamia huko wakati wa kuwasha upya, hivyo umeme ukikatika katikati, mfumo wa zamani hubaki mzima.

Kinga penye umeme wa kusuasua na bando dogo

Njia yenye faida kubwa kuliko zote ni kutenganisha kupakua na kuweka. Amri hii hupakua tu, bila kugusa mfumo:

sudo apt-get -d upgrade

Inaweza kuendeshwa umeme ukiwa wa kusuasua, hata kwa siku kadhaa, kwa kuwa kukatika kwake hakudhuru. Kuweka hufanywa baadaye, betri ya laptop ikiwa imejaa au kompyuta ya mezani ikiwa kwenye UPS, bila kuhitaji intaneti.

Kwa shule yenye kompyuta kadhaa za toleo moja, hakuna sababu ya kulipia bando la kila mashine. Amri ya apt-get huhifadhi vifurushi ilivyopakua, wakati apt kwa kawaida huvifuta baada ya kuviweka. Vifurushi hivyo hunakiliwa kwa flashi kutoka /var/cache/apt/archives ya mashine moja hadi folda hiyo hiyo ya nyingine. Penye mtandao wa ndani, programu ya apt-cacher-ng katika kompyuta moja huzigawia nyingine zote kile kilichopakuliwa mara moja.

Mfumo ukiwa mzima, kifurushi cha zram-tools huongeza swapu ya aina nyingine: hubana vitu ndani ya RAM yenyewe badala ya kuvipeleka kwenye diski. Fedora imefanya njia hii kuwa ya kawaida tangu toleo la 33 la mwaka 2020, na inazifaa kompyuta za GB 1 na 2. Masasisho madogo ya kila wiki nayo ni salama kuliko mrundikano wa miezi sita, kwa kuwa vifurushi vichache huchukua muda mfupi na RAM kidogo.

Kuhama kutoka toleo zima hadi jingine huhitaji uangalifu zaidi, na nakala ya nyaraka nje ya mashine ni ya lazima kabla ya kuanza. Debian hushauri ifanywe kwa awamu mbili: kwanza apt upgrade --without-new-pkgs, kisha apt full-upgrade. Wenye kompyuta za zamani za biti 32 waangalie kwanza aina ya mashine kwa amri ya lscpu. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haitoi tena kerneli wala kisakinishi kwa mashine hizo. Debian 12 bado inazibeba, na muda wake wa matunzo ya ziada umepangwa kuisha Juni 2028. Hadi hapo ni salama zaidi kubaki nayo kuliko kulazimisha sasisho ambalo mashine haiwezi kulimaliza.